Sanduku Kuukuu Bado Lina Kazi



Ukiingia katika nyumba nyingi za chumba kimoja hapa Riruta, toka Satellite mpaka Kabiria, utaona kitanda, na chini ya kitanda utaona sanduku. Labda ni lile la bati ambalo mtoto alienda nalo shule ya bweni, rangi imebabuka na jina lake bado limeandikwa juu. Labda ni sutikesi ya baba ya miaka ile, ya ngozi au ya kadibodi ngumu, aliyotoka nayo nyumbani akija Nairobi kutafuta kazi. Siku moja mama anachoka nalo, anamwita mnunuzi wa skrepa, na sanduku linaenda kwa bei ya kilo.

Kabla hujaliuza, hebu sikia jambo hili. Mama mmoja jirani yetu alikuwa akiweka karatasi zote za nyumba ndani ya katoni chini ya kitanda: vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, na makubaliano ya shamba la ushago. Mvua kubwa za Machi hadi Mei 2024 zilipokuja, maji yaliingia usiku. Aliokoa watoto, aliokoa godoro. Katoni iligeuka uji. Baadaye alizunguka ofisi kwa ofisi siku nyingi, akilipa nauli na kukosa kibarua, ili apate tena alichokuwa nacho. Na kando ya katoni ile palikuwa na sutikesi nzima yenye kufuli, imejaa viatu vilivyochakaa!

Basi tusidharau sanduku. Hata wazee wa Lamu na Zanzibar walikuwa na makasha, masanduku makubwa ya mbao yaliyopambwa kwa misumari ya shaba. Mengi yaliletwa na majahazi kutoka India. Kasha lilitunza nguo na mali, na pia lilikuwa pambo la nyumba.

Kwanza, lichunguze na kulisafisha

Litoe nje, lifungue, uliache kwenye jua kali siku mbili au tatu. Angalia kunguni na mayai ya mende kwenye mishono na bawaba. Kama ni la ngozi au kadibodi, lipanguse kwa kitambaa chenye maji kidogo ya siki, kisha likauke kabisa. Usililoweshe, kwa maana kadibodi ikinywa maji huvimba na kuachana. Harufu ya uvundo huondolewa kwa kuweka ndani bakuli la makaa makavu, yasiyowashwa, kwa siku kadhaa.

La bati lisugue kutu kwa msasa. Hapa tuwe waangalifu. Rangi za zamani huweza kuwa na madini ya risasi, na vumbi lake hudhuru ubongo wa mtoto. Kwa hiyo lowesha msasa, fanyia kazi nje, watoto wakae mbali, na unawe mikono kabla ya kula. Likikauka, paka rangi ya kuzuia kutu kwanza, halafu rangi ya mafuta mara mbili, ukingoja ya kwanza ikauke. Ukimwomba fundi rangi, mweleze unataka isiyo na risasi.

Kwa ndani, bandika kipande cha leso au kitenge kilichobaki kwa fundi wa nguo. Tumia gundi nyeupe ya maseremala. Wengi wetu hutumia uji wa unga wa ngano kwa sababu ni wa bure, lakini huo ni kuwaita mende na panya kwenye karamu.

Kazi ya kwanza: ofisi ya nyumba

Sutikesi ndogo yenye mkono mzuri iwe ya karatasi. Weka ndani vitambulisho, vyeti vya kuzaliwa, vya shule na vya ndoa, kadi ya ubatizo, kadi za kliniki, karatasi za shamba na daftari la chama. Usitie kitu kingine, hata soksi moja.

Lakini tuambiane ukweli: sutikesi haizuii maji, na bati jembamba haliwezi kuokoa karatasi kwenye moto. Kinachookoa ni ule mkono wa kubebea. Kukiwa na hatari, mtu mmoja anashika kitu kimoja na kutoka. Kwa hiyo iweke karibu na mlango, juu ya meza au rafu, si chini ya kitanda. Kila mtu mzima nyumbani aijue ilipo. Ndani yake, karatasi ziwe kwenye mkebe wa plastiki wenye kifuniko kinachobana. Tena toa nakala, umpe ndugu unayemwamini anayekaa mbali nawe. Moto au maji yakifika kwako, hayatafika kwake siku hiyo hiyo.

Kazi ya pili: kiti na kabati

Sanduku kubwa la bati linaweza kuwa kiti cha wageni, na ndani likawa kabati la blanketi. Usikalie kifuniko kitupu, kitabonyea na bawaba zitang'oka. Pima juu yake, ukate ubao au plaiwudi nene inayofika mpaka kingo zote nne, ili uzito uende kwenye kuta za sanduku. Shona mto uliojazwa vipande vya nguo. Liinue kutoka sakafuni kwa matofali manne au fremu ya mbao. Hewa ikipita chini, kutu haiji haraka, na maji kidogo hayaingii.

La kadibodi au ngozi halifai kukaliwa. Liweke juu ya miguu minne ya mbao liwe meza ndogo, au panga mawili, kubwa chini na dogo juu, liwe kabati la nguo za watoto.

Kazi ya tatu: sanduku la kikundi

Mwaka 1991 shirika la CARE lilianza nchini Niger vikundi vya akina mama vya kuweka na kukopa, na mtindo huo umeenea sehemu nyingi za Afrika. Pesa na vitabu hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo hushikwa na wanachama watatu tofauti, na anayelitunza sanduku hana ufunguo hata mmoja. Linafunguliwa mbele ya kikundi chote tu. Si kwamba hatuaminiani. Linamlinda mwenzetu asishukiwe, na asijaribiwe siku ya shida.

Sanduku la shule lenye bati nzima linaweza kufanyiwa hivyo. Fundi wa jua kali, kama wale wa Kamukunji, ataongeza pete mbili za kufuli kwa muda mfupi. Mwambie azishike kwa ripiti au azichomelee, maana skrubu hufunguliwa na yeyote. Lakini pesa nyingi zisilale humo. Zikopesheni au zipelekeni benki.

Mambo mawili ya hatari

Watoto hupenda kujificha. Sanduku kubwa linalojifunga lenyewe linaweza kumnyima mtoto hewa. Toa komeo linalojishika lenyewe, utumie kufuli ya nje, na ulifunge likiwa tupu.

La pili ni vile vidonge vyeupe vya naftalini vya kufukuza nondo. Visitiwe kabisa kwenye nguo za mtoto mchanga. Kuna watoto wanaozaliwa na upungufu wa kurithi uitwao G6PD. Wakivuta au kugusa naftalini damu yao huvunjika, wanageuka manjano, na wengine hufa. Ukiona mtoto ana manjano machoni, kimbilia hospitali siku hiyo hiyo, tena uwaambie kama nguo zake ziliwekwa na vidonge hivyo. Nguo za mtoto zifuliwe, zianikwe juani, zihifadhiwe bila dawa yoyote.

Maswali ya kujadili kikundini

1. Usiku wa leo tukiambiwa tutoke nyumbani kwa dakika mbili, karatasi zetu ziko wapi?
2. Nani mwingine nyumbani anajua zilipo?
3. Nani kati yetu ana sanduku asilolitumia, na nani hana hata moja?

Swali la tatu lisiishie kwenye maneno. Mkutano ujao, kila mmoja aje na jibu, na mwenye masanduku mawili aje na moja mkononi.