Sura ya Tano: Mazoezi Yanayopendeza

Ijumaa jioni, kwenye uwanja wa mchanga nyuma ya shule ya msingi mtaani kwetu, kocha amepanga koni sita na vijana kumi na wawili wamesimama kwenye mstari. Zoezi ni krosi. Mmoja baada ya mwingine wanapiga kutoka pale pale, kwa mguu ule ule, kuelekea tairi kuukuu lililoegemezwa kwenye nguzo ya goli. Krosi za mwanzo zinaishia kwenye michongoma. Kufikia ya kumi na tano, mpira unalifuata tairi kana kwamba umefungwa kamba. Kocha anaiandika hesabu kwenye daftari lake na kufurahi, vijana wanafurahi, na mimi niliyekaa kwenye gogo nakiri kimoyomoyo kuwa mazoezi ya leo yamekolea.

Jumapili ni mechi. Krosi ya kwanza inavuka boksi zima na kutua kwenye kijiwe cha bodaboda ng'ambo ya barabara. Ya pili inamgonga beki kifuani. Wakati wa mapumziko kocha ameshika kiuno. "Jamani, si juzi tu hizi krosi mlikuwa mnazipiga hata mkifumba macho? Mmerogwa?"

Hawakurogwa. Swali lake lakini ni zuri, na wataalamu wa ujuzi wa mwili wamekuwa wakilihangaikia kwa miaka mingi.

Kuweza na kujifunza

Kuna mambo mawili ambayo kwa macho yanafanana. Lipo lile tunaloliona mchezaji akiwa zoezini: mipira mingapi imelenga, makosa mangapi yamepungua. Na lipo lile linalobaki mwilini mwake baada ya kula, kulala, kwenda shule na kurudi. La kwanza ni kuweza kwa wakati ule. La pili ndilo kujifunza. Tatizo ni kwamba la kwanza linaonekana na la pili halionekani, kwa hiyo tunaliona moja tukadhani tumeyaona yote mawili.

Ndiyo maana utafiti makini hauishii siku ya mazoezi. Wanafunzi huachwa siku moja, pengine wiki, kisha huitwa tena na kupimwa bila kukumbushwa. Mara nyingine jaribio hugeuzwa kidogo ili kuona kama walichokipata kinahamia mahali pengine. Fundi ujenzi analijua hili: uimara wa zege haupimwi likiwa bichi.

Mkono unaokumbuka

Watu husema misuli ina kumbukumbu. Misuli hutanuka na kupata nguvu, lakini kinachokumbuka mwendo ni ubongo, na hukumbuka kwa njia yake.

Ushahidi maarufu ulitoka kwa Mmarekani aliyeitwa Henry Molaison. Mwaka 1953 alipasuliwa ubongo ili kutuliza kifafa kilichokuwa kikimtesa. Kifafa kilipungua, ila tangu siku hiyo hakuweza kuhifadhi jambo jipya. Ukizungumza naye, ukatoka na kurudi baadaye, alikusalimia kama mgeni. Mtafiti Brenda Milner alimpa kazi ya kuchora nyota kwa kupita katikati ya mistari miwili, huku akiuona mkono wake ndani ya kioo tu. Kazi hii huchanganya mtu yeyote: unataka kwenda mbele, kalamu inarudi nyuma. Molaison alianza kwa makosa mengi. Kesho yake makosa yalipungua, na siku ya tatu alichora vizuri. Lakini kila siku aliketi mbele ya kioo kile akiamini ndiyo mara yake ya kwanza. Mkono ulikuwa umejifunza, na mwenye mkono hana habari.

Kwa hiyo kujua kusimulia na kujua kutenda hukaa vyumba tofauti. Mchezaji anaweza kukueleza neno kwa neno namna ya kupiga penati na bado asiweze. Mwingine huipiga vizuri miaka kumi, ukimwuliza anafanyaje, anabaki kukuna kichwa.

Katika chumba cha kutenda, anayefanya kazi kubwa ni serebela, ule ubongo mdogo ulioko kisogoni. Kabla mguu haujaugusa mpira, ubongo umeshabashiri nini kitatokea. Kikitokea kingine, ile tofauti kati ya kilichotarajiwa na kilichotokea ndiyo somo lenyewe. Mvishe mtu miwani ya prizimu inayosogeza picha upande wa kulia, umwambie arushe mpira kwenye shabaha. Atakosea kulia, lakini baada ya mirusho kadhaa atakuwa amejirekebisha. Mvue miwani, sasa atakosea kushoto. Hakuna aliyemwambia abadilishe kitu, makosa yameshamfundisha. Wahenga walisema kupotea njia ndiko kujua njia. Serebela ingekubaliana nao.

Nyundo za Moscow

Katika miaka ya 1920, Nikolai Bernstein, mwanafiziolojia wa Kisovyeti, alikuwa akifanya kazi katika Taasisi Kuu ya Kazi mjini Moscow. Aliwafungia wafanyakazi taa ndogo kwenye viungo vya mkono na kuwapiga picha mfululizo wakati wakigonga tindo kwa nyundo. Hawa walikuwa mafundi waliokwisha kugonga mara zisizohesabika, na mtu angetegemea kuona mkono ukipita njia ile ile kila mara, kama mashine.

Haikuwa hivyo. Bega, kiwiko na kifundo cha mkono vilipita njia tofauti kidogo katika kila pigo. Kilichokuwa thabiti ni kichwa cha nyundo, ambacho kilifika kwenye tindo bila kukosea. Kiwiko kikichelewa, kifundo kilifidia. Bega likipanda, kiwiko kilishuka. Ufundi haukuwa kunakili mwendo mmoja uliohifadhiwa. Ulikuwa kulitatua tatizo lile lile upya kila mara, kwa njia inayofaa wakati ule. Bernstein aliliita jambo hili kurudia bila kurudia.

Aliona pia kwamba mwanzo wa kujifunza una sura yake. Mwili una viungo vingi mno vya kusimamia kwa mpigo, kwa hiyo anayeanza hukaza baadhi yake. Mwangalie mtu mzima siku ya kwanza ya kuogelea: shingo imekakamaa, kiuno hakizunguki, mikono inakata maji kama mbao. Si uoga peke yake. Ubongo umefunga milango kadhaa ili ubaki na michache ya kuilinda, na kadiri ujuzi unavyoingia, inafunguliwa mmoja baada ya mwingine. Yule tunayemwita mlaini ni mtu aliyekwisha kufungua yote.

Sasa rudi kwenye tairi letu. Vijana wale walipiga mpira uliotulia, kutoka pale pale, bila beki. Baada ya krosi ya nne au ya tano hawakuwa wanatatua tatizo lolote. Walikuwa wakitumia tena jibu lililokuwa bado moto. Jumapili swali likabadilika, na jibu la Ijumaa halikufaa.

Faida ya kuchanganya

Mwaka 1978 Robert Kerr na Bernard Booth walitoa matokeo ya jaribio ambalo mwalimu yeyote anaweza kulirudia darasani. Watoto wa miaka 8 walirusha vifuko kwenye shabaha. Kundi moja lilifanya mazoezi kwa umbali wa futi 3 tu. Jingine lilirusha kutoka futi 2 na futi 4, na halikugusa futi 3 hata mara moja. Mtihani ukawa wa futi 3. Walioshinda ni wale ambao hawakuwahi kuufanyia mazoezi umbali huo. Wenzao walikuwa na jibu moja. Wao walikuwa wameanza kujua uhusiano kati ya nguvu na umbali.

Mwaka 1986 Sinah Goode na Richard Magill wakalipeleka wazo hili kwenye badminton, ule mpira wa vinyoya. Wanafunzi wa kike wa chuo walijifunza aina tatu za kuanzisha mchezo. Baadhi walifanya aina moja siku nzima, kesho nyingine. Wengine walichanganyiwa zote tatu bila mpangilio. Walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa walikumbuka vizuri zaidi, na walipohamishiwa upande wa pili wa kiwanja, ambao hawakuwa wameuzoea, tofauti iliendelea kuonekana.

Maelezo yanayokubalika zaidi ni haya. Ukirudia kitu kimoja mfululizo, huhitaji kukikumbuka, maana hakijaondoka. Ukichanganya, kila mara unakuta kimeanza kufifia, na unalazimika kukiunda tena. Kazi hiyo ya kukiunda tena inachosha, inaongeza makosa, na ndiyo inayokikaza.

Dawa hii ina kipimo chake. Nje ya maabara faida ya kuchanganya huwa ndogo kuliko ndani, na mtoto anayeshika raketi kwa mara ya kwanza anahitaji kwanza kurudia jambo moja mpaka alielewe. Ugumu usiomwachia mtu nafasi ya kupatia haumfundishi kitu, unamkatisha tamaa tu. Lakini akishapata umbo la mwendo, kumbakiza kwenye wepesi ni kumdhulumu.

Wafanyakazi wa posta wasioridhika

Kwa nini basi makocha wengi na wachezaji wengi hupenda mazoezi mepesi? Jibu zuri kuliko yote halikutoka uwanjani. Lilitoka posta ya Uingereza.

Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman waliandika juu ya wafanyakazi wa posta waliokuwa wakijifunza kupiga taipu. Baadhi walifundishwa saa 1 kwa siku, wengine saa 4. Wale wa saa 1 walizimudu herufi kwa jumla ya saa kama 35 hivi. Wale wa saa 4 walihitaji karibu 50. Haba na haba ilijaza kibaba kwa kazi ndogo zaidi, ingawa kwa kalenda ilichukua wiki nyingi zaidi. Ila walipoulizwa kama wameridhika na ratiba yao, waliolalamika kuliko wote ni wale wa saa 1. Waliona wenzao wanawapita kila siku, wakahisi wanaachwa nyuma.

Hapo ndipo penye mtego. Tunapima kujifunza kwa jinsi tunavyojisikia wakati wa mazoezi, na hisia hiyo inapendelea njia iliyo dhaifu.

Ulimi wa kocha

Upo wepesi mwingine, nao unatoka mdomoni mwa kocha. "Funga kifundo! Inamisha kifua! Kiwiko ndani!" Mwaka 1998 Gabriele Wulf na wenzake walichapisha utafiti wa mashine ya kuigiza kuteleza kwenye theluji, jukwaa dogo lenye magurudumu linalokwenda kushoto na kulia. Kundi moja liliambiwa lifikirie miguu inavyosukuma. Jingine lilielekezwa kwenye magurudumu yaliyokuwa chini ya miguu ile ile. Tofauti ni unene wa soli. Waliofikiria magurudumu walijifunza vizuri zaidi, na tangu hapo matokeo ya aina hiyo yamejirudia katika michezo mingi. Ukimwambia mtu auangalie mwili wake, anaanza kuusimamia kwa akili ya kusimulia, na chumba cha kutenda kinavurugwa. Afadhali "upeleke nyuma ya mgongo wa beki" kuliko "zungusha nyonga."

Na kusahihisha kila pigo nako kuna gharama. Carolee Winstein na Richard Schmidt walionyesha mwaka 1990 kwamba waliopewa matokeo yao nusu ya mara tu walikumbuka vizuri kesho yake kuliko waliopewa kila mara. Anayeambiwa kila kosa haoni haja ya kulitafuta mwenyewe.

Hapa namkumbuka Julius Yego wa Kenya, aliyejifunza kurusha mkuki kwa kutazama video za mabingwa kwenye intaneti, katika nchi ambayo makocha wake wengi walikuwa wa mbio. Baadaye alipata mafunzo Finland, na mwaka 2015 mjini Beijing akawa bingwa wa dunia kwa mita 92.72. Mtu mmoja si uthibitisho, na sisemi kocha hana kazi. Ila video haikukatizi katikati ya mrusho. Inakuachia ulinganishe mwenyewe ulichokusudia na mahali mkuki ulipodondoka.

Krosi ya kwanza ya Jumanne

Tairi bado lipo, lakini zoezi limebadilika. Sasa krosi inafuata pasi, kutoka kulia kisha kushoto, mpira ukiwa unatembea na beki akija mbio. Tairi linaguswa mara chache. Wiki ya kwanza kijana mmoja alikusanya koni kwa uso wa huzuni. "Kocha, leo tumeharibu sana."

"Nimeona," kocha akamjibu. "Tutaonana Jumanne."

Daftari analo bado, ila Ijumaa halifungui tena. Analifungua Jumanne, vijana wakishapasha misuli na kabla zoezi lolote halijaanza. Kila mmoja anapiga krosi moja, na hiyo moja ndiyo anayoiandika.