Katika soko la Oscar, hata kizuri hutembezwa

KILA mwaka tuzo za Oscar zinapotolewa mjini Los Angeles, Marekani, ubishi huanza kabla mshindi hajashuka jukwaani. Watazamaji hulalamika kwamba filamu bora imeonewa, wahakiki huwalaumu wapiga kura, na kampuni iliyoshindwa hubaki ikipiga hesabu ya fedha ilizozitumia. Mfanyabiashara anayo sababu ya kuufuatilia ubishi huo hata kama hajaziona filamu zenyewe. Oscar ni nembo inayouza bidhaa, na bei ya nembo hutegemea imani ya wanunuzi.

Ubishi unaotajwa zaidi ni wa Machi 1999. Filamu ya vita ya Saving Private Ryan, iliyoongozwa na Steven Spielberg, ilikuwa imetoka Julai 1998. Iligharimu takriban dola milioni 70 za Marekani na ikaingiza zaidi ya dola milioni 480 duniani kote. Wengi waliihesabu kuwa mshindi tayari. Mpinzani wake, Shakespeare in Love, ilikuwa hadithi ya mapenzi na vichekesho iliyogharimu takriban dola milioni 25 na kuingia sokoni Desemba 1998.

Usiku wa tuzo, Spielberg alitangazwa kuwa mwongozaji bora. Hata hivyo, tuzo ya filamu bora ilikwenda kwa Shakespeare in Love, ambayo ilichukua jumla ya tuzo 7 dhidi ya 5 za Saving Private Ryan. Zaidi ya miaka 25 imepita na bado wapo wanaodai kwamba matokeo yale hayakuwa ya haki.

Wateja elfu chache

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Kampuni ya Miramax, ambayo wakati huo ilikuwa mali ya Disney, haikuusubiri msemo huo utimie. Chini ya Harvey Weinstein, ambaye mwaka 2017 alifukuzwa uanachama wa taasisi inayotoa tuzo hizo kutokana na kashfa za kuwadhalilisha wanawake kingono, kampuni hiyo ilijaza matangazo katika magazeti ya tasnia ya filamu, ikawatuma waigizaji na waongozaji kwenye hafla, na kuhakikisha kila mpiga kura anaikumbuka filamu yake. Washindani walidai kwamba fedha zilizomwagwa zilivuka mipaka. Miramax ilikana.

Kibiashara, mpango huo ulikuwa na mantiki. Kuuza tiketi kunahitaji kuwashawishi mamilioni ya watu. Kupata Oscar kulihitaji kuwashawishi wanachama wasiofika 6,000 wa taasisi hiyo iliyoanzishwa mwaka 1927 na kujulikana kwa jina la Academy. Wengi wao waliishi na kufanya kazi katika mji mmoja. Hakuna muuzaji anayepata soko dogo kama hilo, lenye anwani zinazojulikana, akaliacha.

Walioshindwa nao hawakukaa wakilia. DreamWorks, mshirika wa Paramount katika filamu ya Spielberg, ilijifunza kampeni na kurudi uwanjani. Mwaka 2000 ilishinda kwa American Beauty, mwaka 2001 kwa Gladiator, na mwaka 2002 kwa A Beautiful Mind, filamu mbili za mwisho zikiwa za ubia na Universal. Tangu hapo, kampeni ya Oscar imekuwa sehemu ya gharama za biashara, kama usafiri au ushuru.

Namna ya kuhesabu

Sababu ya pili ya ubishi ni hesabu ya kura. Mapema mwaka 2009, The Dark Knight, filamu ya Batman iliyokuwa imekaribia kuingiza dola bilioni moja, haikuteuliwa kuwania tuzo ya filamu bora. Kelele zilikuwa nyingi. Juni mwaka huohuo Academy ilitangaza kwamba filamu zitakazowania zitaongezwa kutoka 5 hadi 10, na pamoja na mabadiliko hayo ikaanza kutumia kura za kupanga kwa tuzo hiyo.

Katika mfumo huo mpiga kura hapigi alama moja tu. Hupanga filamu anazozipenda kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho. Kama hakuna iliyopata zaidi ya nusu ya kura za nafasi ya kwanza, iliyo mkiani huondolewa na kura zake hugawiwa kwa filamu zinazofuata katika karatasi hizo.

Chukulia chama cha ushirika chenye wanachama 100 kinachomchagua mwenyekiti. Wa kwanza anapata 40, wa pili 35, wa tatu 25. Kwa hesabu ya kawaida, wa kwanza ameshinda. Lakini kama wale 25 wote walimweka wa pili katika nafasi inayofuata, wa tatu akiondolewa, wa pili anafikisha 60 na kutwaa kiti. Mfumo huu humpendelea asiyechukiwa na wengi kuliko anayependwa sana na wachache.

Ndiyo maana mwaka 2019, Green Book ilipoishinda Roma, wachunguzi wengi wa mambo ya filamu waliutaja mfumo huo. Filamu iliyowagawa watu inaweza kuwa na mashabiki wakali na bado ikaachwa nyuma na ile ambayo kila mtu ameiweka ya pili au ya tatu. Anayelalamika kwamba filamu bora haikushinda anapaswa kwanza kujua kwamba kura hutafuta makubaliano, na makubaliano yanaweza yasiwe ubora.

Nani anafaidika?

Takwimu za mauzo zinaonyesha kwamba nembo hii haimnufaishi kila mtu sawasawa. Oppenheimer iliposhinda Machi 2024 ilikuwa tayari imeuza tiketi za zaidi ya dola milioni 950. Kwa bidhaa iliyokwisha kufika kila kona ya soko, tuzo iliongeza heshima zaidi kuliko fedha.

Kwa bidhaa ndogo, mambo ni tofauti. Parasite ya Korea Kusini, iliyogharimu takriban dola milioni 11, ilishinda Februari 2020 na kuwa filamu ya kwanza isiyo ya Kiingereza kupata tuzo ya filamu bora. Siku chache baadaye idadi ya majumba ya sinema yaliyoionyesha nchini Marekani ilipanda kutoka takriban 1,000 hadi takriban 2,000. Mauzo yake duniani yalifika zaidi ya dola milioni 250. Slumdog Millionaire, mshindi wa mwaka 2009, iligharimu takriban dola milioni 15 na kuingiza zaidi ya dola milioni 370.

Upande wa pili wa shilingi ni wale wanaowekeza na kuambulia patupu. The Irishman ya Netflix, ambayo gharama zake zilitajwa kuzidi dola milioni 150, iliteuliwa kuwania tuzo 10 mwaka 2020 na haikupata hata moja. Kampeni ya tuzo haina bima. Anayeshindwa harudishiwi chochote.

Nembo ikipoteza imani

Hatari kubwa zaidi inamkabili mwenye nembo mwenyewe. Mwaka 1998, Titanic iliyopendwa na umma ilipochukua tuzo 11, Wamarekani zaidi ya milioni 55 walitazama sherehe hizo kwenye televisheni. Mwaka 2021, iliposhinda Nomadland, filamu ndogo iliyoonwa na wachache, watazamaji walikuwa takriban milioni 10. Janga la UVIKO-19 na kushuka kwa utazamaji wa televisheni kwa jumla vilichangia. Lakini idadi ilikuwa imeanza kuporomoka kabla ya hapo, na mwaka 2025 ilikuwa karibu milioni 20, bado mbali na ile ya zamani.

Academy imejaribu kurekebisha. Agosti 2018 ilitangaza tuzo mpya kwa ajili ya filamu zinazopendwa na umma. Ilizomewa pande zote, na Septemba mwaka huohuo ikasitisha mpango. Waliopinga walisema tuzo hiyo ingekuwa kama kukiri kwamba kinachopendwa na kilicho bora ni vitu viwili vilivyotengana.

Lawama nyingine ilihusu wapiga kura wenyewe. Mkenya Lupita Nyong'o alishinda mwaka 2014 akiwa mwigizaji msaidizi bora wa kike katika 12 Years a Slave. Miaka miwili iliyofuata, 2015 na 2016, waigizaji wote 20 walioteuliwa kila mwaka walikuwa weupe. Baada ya malalamiko makubwa, Academy iliahidi kuongeza wanawake na watu wa jamii zisizo za Wazungu ndani ya miaka 4, na baadaye ikaingiza wanachama wengi kutoka nje ya Marekani. Wenye haki ya kupiga kura sasa wanazidi 9,000. Aprili 2025 ilitangaza kanuni kwamba mwanachama lazima awe ameziona filamu zote zinazowania katika kundi kabla ya kupiga kura ya mwisho. Kwamba kanuni hiyo ilihitajika ni jibu tosha kwa wale waliokuwa wakishangaa baadhi ya matokeo.

Hesabu ya muda mrefu

Mwaka 1942, Citizen Kane iliikosa tuzo ya filamu bora, ikashindwa na How Green Was My Valley. Ilipotoka haikurudisha fedha za kampuni yake, RKO. Lakini kuanzia 1962 hadi 2002, kila mara jarida la Sight and Sound la Uingereza lilipowauliza wahakiki wa dunia kwa kipindi cha miaka 10, filamu hiyo ndiyo iliyoshika nafasi ya kwanza. Kura ya usiku mmoja haikuzuia thamani yake kupanda.

Kwa mfanyabiashara na mwekezaji mdogo, ubishi wa Oscar unafundisha kuikagua nembo kabla ya kuilipia. Iwe ni tuzo ya filamu, cheti cha ubora au orodha ya kampuni bora za mwaka, maswali ni yaleyale: nani amepiga kura, kura zimehesabiwaje, na nani amegharamia kampeni? Mwenye bidhaa ndogo na nzuri ana sababu ya kuitafuta nembo kama hiyo, maana ndiye inayemwinua zaidi, mradi atumie kiasi anachoweza kukipoteza. Mnunuzi wa hisa naye asilipe bei ya juu kwa sababu ya tuzo ya jana. Majibu ya maswali hayo matatu yakikosekana, tuzo hiyo isiingizwe kwenye hesabu ya thamani.