Mtoto hapatikani: je, umeuliza kazini?

Ndoa ikipita miaka miwili mitatu bila mtoto, katika nyumba nyingi anayenyooshewa kidole ni mke. Mawifi hunong'ona, mama mkwe huuliza, na mume huanza kufikiria kuoa mwingine. Ni wachache wanaouliza: bwana huyu anafanya kazi gani, na kutwa nzima anavuta hewa ya namna gani?

Mwaka 1977, katika kiwanda cha madawa ya kilimo kwenye mji wa Lathrop, jimbo la California, Marekani, wanaume wa idara moja walianza kuambizana kwamba wengi wao hawapati watoto. Wakakubali kupimwa. Baadhi walikutwa hawana mbegu za kiume hata moja, wengine wanazo chache mno. Waliokaa kazini miaka mingi ndio walioathirika zaidi.

Chanzo kilikuwa dawa iitwayo DBCP, ya kuua minyoo inayoshambulia mizizi ya mimea. Huingia mwilini kwa pumzi na kwa ngozi, ikaharibu chembe za korodani zinazotengeneza mbegu. Cha kusikitisha, utafiti uliochapishwa mwaka 1961 ulikwisha kuonyesha kuwa korodani za panya waliovuta dawa hiyo zilinywea. Onyo hilo halikuwafikia wafanyakazi. Marekani ilizuia karibu matumizi yake yote mwaka 1979, lakini ilikwisha kutumika pia katika mashamba ya ndizi ya Costa Rica, Nicaragua na Honduras, na maelfu ya vibarua walikwenda mahakamani kudai fidia.

Tukumbuke jambo moja. Wanaume wale hawakuwa wamepungukiwa nguvu za kiume. Mwanamume anaweza kuwa mzima kabisa chumbani na bado asiwe na mbegu. Bila kupima, hajui.

Wala si DBCP peke yake. Madini ya risasi yaliyomo ndani ya betri za magari nayo hudhoofisha mbegu. Kwa hiyo fundi anayevunja au kuyeyusha betri asile chakula karakanani, anawe mikono vizuri, na abadili nguo kabla ya kwenda nyumbani, maana vumbi lile huwadhuru watoto pia. Kwa Tanzania, sheria ya usalama na afya kazini ya mwaka 2003 inamtaka mwajiri atoe vifaa vya kujikinga. Kuvidai si ukorofi.

Mtoto akichelewa, mume na mke waende hospitali pamoja, na mume amweleze daktari kazi anayofanya. Kule Lathrop, baadhi ya walioondolewa kwenye dawa mapema mbegu zao zilirudi. Wengine hazikurudi kamwe. Kuwahi ni muhimu.

Wahenga walisema mficha uchi hazai. Wale wa Lathrop walijua kilichowapata kwa sababu walithubutu kuambizana.