Herufi Mbili Badala ya Jina

Katika kumbukumbu za mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha kusikiliza kesi za mauaji ya kimbari ya Rwanda yumo mwanamke anayeitwa JJ. Wamo pia OO, KK, NN na PP. Hukumu ya Jean-Paul Akayesu, meya wa zamani wa Taba nchini Rwanda, iliyosomwa Septemba 2, 1998, imejaa herufi za aina hiyo. JJ anasimulia alivyokimbilia ofisi ya komuni ya Taba akitafuta hifadhi, mahali ambapo raia hutegemea kulindwa. Akabakwa pale pale. Alipoulizwa ni mara ngapi, hakuweza kuhesabu.

Jina lake halimo. Msomaji hushikwa na hamu ya kulijua, kisha akaionea haya hamu hiyo. Herufi mbili zile zilikuwa ngao.

Godelieve Mukasarasi anazijua sura zilizofichwa na herufi. Huyu ni afisa ustawi wa jamii aliyeanzisha shirika la SEVOTA mwaka 1994, machozi ya mauaji ya kimbari hayajakauka, akiwakusanya wajane na yatima. Wachunguzi wa mahakama walipoanza kuuliza maswali, yeye na mumewe walikubali kusema. Desemba 1996 mume huyo akauawa pamoja na binti yao. Wiki chache baadaye kesi ikaanza.

Angenyamaza, nani angemlaumu? Hakunyamaza. Aliendelea kuwatia moyo wanawake wa Taba waende Arusha wakaseme mbele ya majaji, na wakaenda.

Hati ya kwanza ya mashtaka haikuwa na neno ubakaji. Mama mmoja, aliyekuwa akieleza mambo mengine, ndiye aliyetaja kizimbani kwamba bintiye wa miaka 6 alibakwa. Jaji Navanethem Pillay, mwanamke pekee kati ya majaji watatu, alikuwapo akisikiliza. Juni 1997 shtaka likaongezwa. Na katika hukumu, kwa mara ya kwanza, mahakama ya kimataifa ikatamka kwamba ubakaji unaweza kuwa tendo la mauaji ya kimbari.

Akayesu alifungwa maisha. Mukasarasi akarudi kwenye kazi yake: kukaa na akina mama waliozaa kwa kubakwa, na watoto wao, ambao siku moja wangeuliza baba ni nani. Mama ajibu nini? Na ajibu mtoto akiwa na umri gani?

Mahakama ya Arusha ilifunga milango Desemba 31, 2015. Sheria iliyoiunda haikuwa na kifungu cha kuwalipa fidia manusura.