Maendeleo na Kivuko: Mfano wa Mokowe, Lamu

Miongoni mwa maneno yatumiwayo kwa wingi katika hotuba, magazeti na insha za wanafunzi, neno maendeleo limekuwa kama sarafu iliyopita mikono mingi hata maandishi yake yakafutika. Kila jengo jipya huitwa maendeleo, na kila mnara na mradi vivyo hivyo. Hata hivyo, umbo la neno lenyewe lingali linasema jambo. Mzizi wake ni kitenzi kwenda. Kutokana na enda hupatikana endea, kisha endelea, na mwishowe nomino maendeleo. Kwa hiyo, kabla ya kuwa neno la wanasiasa na wanauchumi, maendeleo yalihusu mwendo: mtu kutoka hapa akafika pale, na asikwame njiani. Makala haya yanakusudia kuirejesha maana hiyo na kuitumia kama kipimo cha mahali pamoja ambapo suala la kwenda na kufika si sitiari bali ni shughuli ya kila siku, yaani Mokowe.

Mokowe ni mji mdogo wa upande wa bara unaotazamana na kisiwa cha Lamu. Barabara itokayo Mombasa na Malindi hukomea hapo gatini. Abiria hushuka basi, mizigo hubebwa hadi kwenye boti, na safari iliyosalia ni ya maji: kama nusu saa kwa boti ya kawaida, na pungufu ya hapo kwa boti ya mwendo wa kasi. Wageni wengi wapitao Mokowe hawakumbuki chochote ila joto na makelele ya wapagazi, kwani macho yao yameshatangulia kisiwani, katika Mji wa Kale wa Lamu ulioingizwa na UNESCO katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2001. Kupitwa huku na macho ya wageni si jambo la jana.

Bara na mji

Katika fikra za kale za Waswahili wa Lamu, ubora wa maisha ulikuwa na mahali pake, nako ni mjini; mui, kwa lahaja ya Kiamu. Mjini ndiko kulikokuwa na nyumba za mawe, misikiti, wanazuoni na washairi. Maneno mawili yalitumiwa kuutaja ubora huo. La kwanza ni uungwana, ambalo asili yake ni hali ya kuwa mtu huru, asiyekuwa mtumwa. La pili, ustaarabu, lina mzizi wa Kiarabu unaohusiana na Uarabu wenyewe. Maneno yote mawili yana mpaka ndani yake: mtu alikuwa muungwana kwa kuwa mwingine hakuwa, na alikuwa mstaarabu kwa kuwa mwingine alihesabiwa mshenzi. Upande wa bara ulikuwa upande wa pili wa mpaka huo.

Katika karne ya 19 ardhi ya bara inayokabili kisiwa ilikuwa mashamba ya matajiri wa Lamu, na waliolima walikuwa watumwa. Nafaka ilivuka maji kuelekea mjini na baadhi yake ikasafirishwa ng'ambo. Kivuko kilikuwapo, ila mwendo wake ulikuwa wa upande mmoja. Mazao yalikwenda, mkulima alibaki. Utumwa ulipofutwa kisheria katika pwani ya Kenya mwaka 1907, mashamba mengi yaliachwa yakaota magugu, na wenye mji wakaingia katika dhiki. Waandishi kadhaa wameusimulia wakati huo kama anguko la Lamu. Kwa upande wa mwenye shamba, simulizi hiyo ina ukweli wake. Kwa yule aliyeweka jembe chini akaondoka kwa miguu yake, neno anguko halifai hata kidogo, na ni ajabu jinsi linavyorudiwa bila kuhojiwa.

Ndani ya mji wenyewe mabadiliko yalipitia elimu. Mwishoni mwa karne hiyo ya 19, Habib Swaleh, sharifu wa ukoo wa Jamal al-Layl, alianza kuwafundisha watu ambao hapo awali hawakukaribishwa katika duru za wanazuoni, wakiwamo wenye asili ya utumwa. Kutokana na kazi yake ukainuka Msikiti wa Riyadha, na pamoja nao chuo kilichowavuta wanafunzi kutoka pwani nzima. Elimu iliyokuwa alama ya nasaba ikawa kitu kinachoweza kutafutwa na kupatikana. Tangu hapo ilikuwa vigumu zaidi kwa mtu kudai ubora kwa kuzaliwa peke yake.

Njia

Katika Kiamu, njia huitwa ndia. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20, ndia ya kwenda Mokowe ilikuwa ya mchanga wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua. Mto Tana ulipofurika, Lamu ilikatika na nchi nyingine; mvua za El Niño za mwaka 1997 na 1998 zilifanya hivyo kwa muda mrefu. Maji yalipokauka palikuwa na hofu nyingine, ya majambazi wenye silaha, hata ikawa kawaida kwa mabasi kusindikizwa na askari. Bei ya unga na saruji gatini Mokowe ilikuwa na gharama ya hofu hiyo ndani yake, kisha ikaongezwa nauli ya boti kabla ya kufika kisiwani.

Kazi ya kuitia lami barabara ya Garsen, Witu hadi Lamu, yenye urefu wa zaidi ya kilomita 100, ilifanyika kuanzia mwaka 2017 na kumalizika mwanzoni mwa miaka ya 2020. Wasomaji ambao hawajapata kukaa basini tangu alfajiri, vumbi likiwa limewaganda kope, huenda wasitambue uzito wa jambo hili. Samaki wa barafu huweza kufika Malindi akiwa bado anauzika. Mwanafunzi wa chuo hurudi nyumbani kwa likizo fupi, jambo ambalo zamani lingemla siku zote za likizo hiyo. Mjamzito aliyepewa rufaa ya kwenda Mombasa hapigwi na mashimo njia nzima.

Isidhaniwe kwamba lami imemaliza kila kitu. Januari 2020 basi la abiria lilishambuliwa Nyongoro na watu wakauawa, na mafuriko ya mwishoni mwa mwaka 2023 yaliikata barabara hiyo hiyo katika eneo la Gamba. Barabara ni bora kuliko ilivyokuwa, lakini haijawa ya kutumainiwa kila siku ya mwaka.

Sambamba na barabara umefika umeme. Katika miaka ya 2010, laini kubwa kutoka Rabai kupitia Malindi na Garsen iliiunganisha Lamu na gridi ya taifa, baada ya miaka mingi ya kutegemea jenereta za dizeli. Huduma ya kutuma pesa kwa simu, iliyoanza nchini Kenya mwaka 2007, imemwezesha nahodha wa boti kupokea nauli bila ya kutafuta chenji. Haya ni mambo ya kutajwa tu. Kila mji wa Kenya una yake.

Serikali kuvuka maji

Lisilo la kila mji ni kugeuka kwa uhusiano wa bara na kisiwa. Chini ya Katiba ya mwaka 2010, iliyoanza kutekelezwa kwa ugatuzi mwaka 2013, Lamu ilikuwa kaunti yenye gavana na bunge lake, na makao ya serikali hiyo yakajengwa Mokowe. Kabla ya hapo maamuzi makubwa yalifanywa Nairobi au katika makao ya mkoa Mombasa. Sasa mkazi wa kisiwani mwenye shauri hupanda boti asubuhi kwenda bara, kule ambako babu zake walikuita shamba. Hapana shaka kwamba wapo wazee wanaoliona jambo hili kama mji kuvuliwa kilemba. Kwa mkazi wa Hindi au Mpeketoni, hata hivyo, ofisi ni ile ile anayoifikia bila ya kulipa nauli ya maji.

Shule pia zina kisa chao. Baada ya mashambulizi ya Mpeketoni ya Juni 2014, yaliyoua watu zaidi ya 60, usalama ulizorota katika msitu wa Boni na shule za wadi ya Basuba zikafungwa. Jamii ya Waaweer, ambao kwa muda mrefu wameitwa Waboni, ndiyo iliyoathirika zaidi. Baadhi ya watoto wao walihamishiwa shule ya bweni ya Mokowe Arid Zone. Hapo Mokowe ilikuwa kimbilio, na watoto ambao huenda wangekosa darasa kabisa waliendelea kusoma. Lakini mtoto mdogo aliyetenganishwa na wazazi wake kwa muhula mzima ili apate kusoma amelipa bei ambayo mtoto wa Nairobi hailipi, na takwimu za uandikishaji haziionyeshi bei hiyo.

Gati kubwa na bahari ya mvuvi

Tarehe 2 Machi 2012 viongozi wa Kenya, Sudan Kusini na Ethiopia walizindua mradi wa LAPSSET, na bandari yake ikajengwa Kililana, si mbali na Mokowe. Gati la kwanza lilifunguliwa tarehe 20 Mei 2021. Kwa macho, hakuna kitu kikubwa kuliko hicho kilichowahi kusimamishwa katika pwani ya Lamu. Kwa kipimo cha mwendo, mambo ni magumu zaidi. Uchimbaji wa mlango wa bahari uliharibu maeneo ya uvuvi, na vyombo vidogo vikazuiwa kupita mahali vilipopita tangu zamani. Meli zilipata njia, madau yakaipoteza.

Wavuvi walikwenda mahakamani, na mwaka 2018 Mahakama Kuu iliamua kwamba haki zao zilikuwa zimekiukwa, zikiwamo haki ya mazingira safi, ya kupata habari, na ya utamaduni. Zaidi ya wavuvi 4,600 waliamuliwa kulipwa fidia ya shilingi bilioni 1.76, na baada ya hapo wakangoja miaka mingi katika mivutano kuhusu namna ya malipo. Linalostahili kuangaliwa na mwanafunzi wa Kiswahili ni kwamba mahakama iliuhesabu uvuvi kuwa utamaduni, si kazi ya kujipatia kitoweo tu. Mvuvi anapoacha bahari, msamiati wa pepo, maji na nyavu huachwa pamoja naye, na hakuna kamusi inayoweza kumfundisha mwanawe kuutumia.

Kuna safari moja ambayo lami haikuifupisha. Mokowe ina kituo cha afya, lakini Hospitali ya King Fahd, iliyo kubwa kuliko zote katika kaunti, iko kisiwani. Mgonjwa wa bara akizidiwa usiku, jamaa zake humteremsha ngazi za gati, humlaza botini juu ya mkeka, na kumwuliza nahodha kama maji yamejaa.