Semina ya hamasa hairudishi nauli

Swali huja kwa sura nyingi lakini ni lile lile: "Kaka, tuwafanyie nini hawa wanaojitolea wawe na moyo? Wanaanza vizuri, miezi miwili tu wameyeyuka." Kabla sijafungua mdomo, muulizaji ameshajijibu. Wanaandaa semina ya hamasa. Ukumbi umelipiwa, mzungumzaji amekubali, fulana ziko kwa mchapaji.

Tuelewane. Mtu aliyefunga genge lake asubuhi akaenda kumhudumia mgonjwa asiye ndugu yake, bila mshahara, moyo anao. Alikuja nao. Kama umemwishia, umeishia mikononi mwenu, na hakuna mhamasishaji wa saa tatu atakayeurudisha.

Tuchukue mama mmoja wa Dar es Salaam anayetembelea kaya mara mbili kwa wiki. Anaunganisha magari mawili kwenda, mawili kurudi. Tuseme kila gari ni shilingi 600. Hiyo ni 2,400 kwa siku, na kwa siku nane za mwezi ni 19,200. Hapo sijaweka bodaboda ya kuingia ndani mtaani wala bando la kutuma ripoti. Anafika ofisini kudai, mhasibu anamtaka risiti. Risiti ya daladala! Labda konda akate kipande cha shati lake. Mama anapewa fomu, fomu inasubiri saini ya mkurugenzi, na mkurugenzi yuko Dodoma kikaoni. Posho ya safari ya mkurugenzi, bila shaka, ililipwa kabla hajapanda treni.

Mwezi wa tatu mama haonekani. Kwenye ripoti ya mfadhili tunasoma kwamba ari ya kujitolea katika jamii imeshuka.

Sasa piga hesabu ya ukumbi, chakula, fulana na bahasha ya mhamasishaji, kisha gawanya kwa 19,200. Usiniletee jibu mimi, lipeleke kwenye bodi yako. Tena semina yenyewe huwa na posho ya kuhudhuria. Maana yake mnawafundisha watu kwamba kukaa ukumbini kunalipa, ila kwenda kwa mgonjwa kunakula mfukoni. Halafu mnashangaa ukumbi ukijaa na mtaani hakuna mtu.

Hapo ndipo ninapojibiwa: "Tukianza kulipa, watakuja kwa ajili ya hela." Kulipa nini? Nauli si malipo ya kazi. Ni fedha ambayo mtu mwenye kipato kidogo ameikopesha taasisi yenye akaunti benki, na mkopeshaji akidai chake haitwi mwenye tamaa. Kazi ikishakuwa kubwa, hata hiyo nauli haitoshi. Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2018, limependekeza wahudumu wa afya wa jamii walipwe kulingana na kazi wanayofanya. Kenya, mwaka 2023, ilikubali kuwalipa wa kwake shilingi 5,000 za huko kwa mwezi, serikali kuu nusu na kaunti nusu. Si nyingi, lakini angalau hawakupelekewa mhamasishaji.

Kuna na yule mhitimu wa chuo anayekaa mapokezi Jumatatu hadi Ijumaa, saa mbili mpaka saa kumi na moja, mwaka mzima, "anajitolea" akisubiri nafasi. Wakurugenzi wasome kifungu cha 61 cha Sheria ya Taasisi za Kazi ya Tanzania ya mwaka 2004. Aliyekufanyia kazi wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi mitatu ya mwisho anahesabiwa mwajiriwa mpaka uthibitishe vinginevyo, hata kama barua yake inasema anajitolea. Huyu wa mapokezi saa hizo anazimaliza wiki ya kwanza ya mwezi. Mwajirini, au mpunguzieni saa.

Mliobaki mnataka cha kufanya. Tengenezeni jedwali la nauli kwa kila njia, bodi ilipitishe, mtu asaini, alipwe kila Ijumaa kwa simu pamoja na ya kutolea. Kila anayejitolea apewe karatasi moja: kazi yake, siku zake, anaripoti kwa nani, inaisha lini. Huyo wa kuripotiwa awe mtu mmoja, na kazi hiyo iwe kwenye majukumu yake rasmi. Akisikia mgonjwa wa anayejitolea amefariki, ampigie simu siku hiyo hiyo. Kitambulisho na barua kwa mwenyekiti wa serikali ya mtaa vitangulie kabla mtu hajapiga hodi. Anayeshughulika na watoto alete wadhamini wawili, na asiachwe peke yake na mtoto. Majina ya wagonjwa yaondolewe kwenye kundi la WhatsApp leo. Sheria ya kulinda taarifa binafsi imeanza kutumika tangu 2023. Cheti kitaje kazi na saa, kisiishie kwenye "ameshiriki vema". Wapigieni walioondoka, muwaulize kujitolea kwenu kuliwagharimu shilingi ngapi, wala msibishane nao.

Na andiko lijalo la mradi liwe na mstari wa gharama za wanaojitolea. Mfadhili akihoji fedha zimetoka wapi, mwonyesheni ule mstari wa semina, mumwambie mmeufuta.