Chura, shahidi wa sumu iliyomo majini

Maji ya kijito kinachopita karibu na mwalo wa kuoshea dhahabu yanaweza kuonekana safi kumbe yamebeba zebaki. Ukiyachota leo na kuyapeleka maabara, utapata habari za leo tu. Huenda jana mvua iliyachanganya, na kesho marudio, yaani mabaki ya uoshaji dhahabu, yatatiririka tena. Lakini chura ameishi humo tangu akiwa yai. Mwili wake umetunza habari za msimu mzima.

Siri yake ni ngozi. Chura hanywi kwa mdomo. Hufyonza maji kwa ngozi yake nyembamba, na sehemu ya pumzi yake hupita hapohapo. Mayai yake hayana ganda, yamezungukwa na ute tu. Kiluwiluwi hukwangua mwani na tope, mahali ambapo zebaki, risasi na kadimiamu hutuama. Akiota miguu, huanza kula wadudu, na sumu waliyonayo humwingia. Metali nzito haziozi. Hurundikana kwenye ini na figo.

Hivyo watafiti hupima viungo hivyo, kisha hukagua maumbile. Huko South Carolina, Marekani, viluwiluwi waliokulia kwenye mabwawa ya majivu ya makaa ya mawe walikutwa na vijino pungufu na mikia iliyopinda. Maabara nazo huweka mayai ya chura wa Afrika, Xenopus laevis, kwenye maji yanayoshukiwa kwa saa 96, kisha hutazama viinitete vinavyokua.

Lakini tusikurupuke. Vyura hutoweka pia kwa sababu ya ukungu wa ngozi, viuatilifu na ukame. Ndiyo maana hulinganishwa na wenzao wa kijito kisicho na uchafuzi.

Kwa wakazi wa Kanda ya Ziwa nchini Tanzania, palipo na mialo ya dhahabu, sumu hii inahusu sahani ya chakula. Ndani ya tope, bakteria hugeuza zebaki kuwa methili-zebaki, ambayo huingia kwa samaki na kumfikia mlaji. Hudhuru ubongo, hasa wa mtoto aliye tumboni. Huko Minamata, Japani, ugonjwa uliosababishwa na sumu hiyo uligunduliwa mwaka 1956, watu walipokuwa wameshaugua.

Ukiona vyura wenye vilema au bwawa lililozoea kelele zao limenyamaza, usiwaokote wala kuwala. Mwarifu afisa afya au afisa mazingira wa kata, na udai maji, tope na samaki vipimwe.